Usiniambie Nisimame

Tarehe ishirini na tano, siku ya mnada wa Karatu, hapapitiki. Mbuzi wanalia, nyama inachomwa, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno, na kila mwenye kipaza sauti anaapa kwamba mtumba wake umefika jana. Katikati ya zogo hilo, Laurencia Tluway alikuwa amechuchumaa kando ya Land Cruiser kuukuu, anapapasa tairi la mbele kwa kidole gumba. Alivaa gauni la kitenge la kijani na sweta jeusi la kukinga baridi ya asubuhi, na kwapani amebana daftari kubwa la bluu.

"Dada, unanunua gari au unanunua tairi?" sauti ikamwuliza kutoka juu.

"Natafuta gari ambalo tairi zake hazidanganyi," alijibu bila kuinua uso.

Alipouinua alikuta kijana mrefu wa Kimaasai, suruali ya jinzi, shuka ya bluu begani, katambuga miguuni, anacheka kwa mwanya. Jina lake Metui. Alikuwa akibeba abiria na mizigo kati ya Karatu na Kakesio, na alitaka kujua mwanamke mwenye daftari anayakagua magari ya watu kwa idhini ya nani.

Laurencia alikuwa katibu wa safari wa Hija ya Kakesio. Hija yenyewe ni ya miguu. Kila mwaka, mahindi yakishavunwa, waumini wa Karatu hupelekwa kwa magari mpaka Kakesio, ndani kabisa ya Ngorongoro, na kutoka kanisa dogo la huko hutembea siku tano, wakishuka bonde la Eyasi, wakapita Baray, mpaka wanarudi Karatu wakiimba na midomo imepasuka kwa jua. Kutembea si shida, askari wa wanyama wanatangulia na bunduki zao. Shida ni kufika pa kuanzia. Lazima uvuke geti la hifadhi, upande msituni, upite ukingoni mwa kreta ambako ukungu hukaa mpaka saa nne, ndipo ushuke upande wa pili. Laurencia alikuwa ameipanga safari hiyo miaka sita. Alijua kila kona, kila kibali, nani anatapika akikaa nyuma. Na yeye mwenyewe, tangu utotoni, hakuwahi tena kupita geti.

Usimcheke, nakuomba. Akiwa na miaka kumi na mmoja, lori alilopanda na mama yake liliteleza pale ukingoni, likanasa kwenye mti. Hakufa mtu. Lakini walikaa mle saa tatu likiyumba, na kila ukungu ulipoachia kidogo, mtoto aliangalia chini asione mwisho. Mama yake, Marsela, aliweka nadhiri mlemle ndani: mwanangu akitoka mzima, nitatembea hija mara kumi. Akatembea tisa. Mwaka huu magoti yakagoma, akamkabidhi binti yake fimbo na kumwambia ya kumi aitembee yeye.

Laurencia aliipokea fimbo kwa mikono miwili. Kila mwaka, asubuhi ya safari, alipandwa na homa. Homa hiyo, kama mama yake alivyozoea kusema, hupanda saa kumi na moja alfajiri na hushuka saa mbili, magari yakishavuka.

Basi pale mnadani alimuuliza Metui habari za breki mara nne. Mara ya nne Metui akaacha kucheka.

"Unaogopa," alisema taratibu.

"Nauliza kwa ajili ya abiria."

"Abiria gani huyo anayekunja vidole vya miguu ndani ya viatu?"

Laurencia aliangalia viatu vyake, akaona aibu, halafu akacheka mpaka daftari likamponyoka. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote nje ya nyumba yao, lakini siku ile, moshi wa nyama ukimwingia machoni, alimwambia mwanamume aliyemfahamu kwa robo saa.

Kilichofuata kila mtu mtaani alikiona kabla ya wao wenyewe. Metui alipiga simu kuuliza idadi ya viti, akapiga tena kuuliza alichokwisha kujibiwa. Alimwita Katibu, na neno hilo alilitamka kwa namna ambayo halikuhusu tena ofisi. Laurencia akamwita Dereva. "Katibu, umekula?" "Nimekula, Dereva. Na wewe zile breki umezila?" Na Jumapili baada ya ibada Metui alimpakia mbele, wakafanya mazoezi ya hofu. Jumapili ya kwanza waliishia Rhotia. Ya pili walifika getini, wakaegesha pembeni, wakala ndizi za kuchoma huku wakihesabu magari ya watalii. Laurencia hakuachia mpini wa mlango mpaka ndizi ya pili.

Jumapili ya tatu, wakirudi tena kutoka getini, waliteremka mlima, lori likawajia katikati ya barabara. "Simama!" Laurencia alipiga kelele. Metui hakusimama. Alibana kushoto, akapunguza, akaendelea, jasho likimtiririka shingoni. Laurencia alimgombeza njia nzima. Walipofika alizima injini, akaongea akiangalia usukani.

"Niambie punguza, niambie geuza, nitakusikia. Usiniambie nisimame. Hilo tu nakuomba."

Laurencia aliona ni ubishi wa madereva, akalipuuza. Laiti angeuliza wakati ule, tusingekuwa na hadithi.

Ikabaki wiki moja. Laurencia aliketi na madaftari ya zamani kuangalia mwaka gani walipangaje magari, na kwenye daftari la miaka minne nyuma, sehemu ya watembeaji wanaojiunga Kakesio, ambayo yeye hakuiandika, akakuta mwandiko wa katekista Fabian: *Metui na Nanyori. Wawili.* Alisoma mara tano. Metui na Nanyori, wamepangwa pamoja kama mtu na mkewe. Akawaza Jumapili zile tatu, akawaza jinsi alivyomkabidhi huyo mtu hofu yake yote mkononi. Wivu una haraka zake; akampigia palepale.

"Nanyori ni nani?"

Alisikia ng'ombe kwa mbali.

"Nakuuliza, Metui. Nanyori ni nani kwako? Nanyori ni mkeo?"

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikupatikana. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu ukaja ujumbe wa mistari miwili: gari litafika siku ya safari, litaendeshwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo Laurencia alipoogopa kweli. Aliogopa kwamba amepigwa changa la macho, na aliogopa zaidi kwamba hakupigwa. Aliogopa barabara. Aliogopa fimbo iliyosimama nyuma ya mlango, maana kila alipoingia ilimtazama. Alijaribu kujiona amekaa karibu na dereva mwingine, ugali ukaungua akiwa jikoni kwao, mwiko mkononi. Mama yake alimwambia tu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kama ataamua kubaki hatamlaumu. Kutolaumiwa huko kulimuumiza kuliko matusi.

Siku mbili kabla ya safari alikwenda kwa Seenoi, shangazi yake Metui, anayeuza shanga na katambuga karibu na stendi. "Takwenya," Seenoi alimsalimia. "Iko," aliitikia, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaeleza yote. Alipofika kwenye jina, mama yule alimwekea kiganja mdomoni.

"Ulilitaja? Kwake?"

"Mara tatu, shangazi."

Seenoi alitoa kiganja, akaketi chini kabisa. Kisha alimweleza, kwa sauti ndogo, bila kulitaja. Yule alikuwa mdogo wake Metui, ziwa moja. Waliandikishwa watembee hija pamoja, lakini uchungu wa uzazi ukamwanza kabla ya wakati. Metui alimpakia kumleta hospitali. Walipofika ukingoni ukungu ulikuwa mzito hata taa hazikuonekana. Mama mmoja garini alipiga kelele, simama, utatuua. Metui akasimama kungoja ukungu upungue. Ulipopungua, yule na mtoto wake walikuwa wameshaondoka.

"Sisi tumebatizwa," Seenoi alisema, "lakini aliyeondoka hatumwiti jina. Ukimwita, unamfukua. Na wewe umemfukua mara tatu kwenye simu."

Usilolijua ni usiku wa giza. Laurencia alilia palepale stendi mbele za watu, akifuta macho kwa sweta. Aliandika ujumbe na kuufuta mara nyingi. Uliokwenda ulisema, *Nimekosa. Sikujua. Sitamwita tena. Na sasa najua kwa nini husimami.* Haukujibiwa.

Asubuhi ya safari, saa kumi na moja, homa ilipanda kwa ratiba yake. Meno yaligongana, shuka lililowa. Mama Marsela alimkanda kwa kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Saa kumi na moja na nusu Laurencia akaamka na homa yake, akavaa gauni lilelile la kijani, akachukua fimbo na daftari.

Kwenye uwanja wa kanisa magari matatu yalikuwa yakinguruma, watu wanafunga mizigo. Nyuma ya usukani wa Land Cruiser kuukuu alikaa Metui mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinyoosha mkono akafungua mlango wa mbele.

"Kiti chako hiki, Katibu. Kama utakikalia."

Alikikalia. Nyuma yao katekista Fabian na abiria tisa walianza rozari. Geti likafunguliwa, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni Laurencia akalipita, kucha zimezama kwenye fimbo. Msitu ukawafunika. Ukungu ulianza kama moshi wa jiko la jirani, wakafika juu ukawa ukuta. Kushoto kwake kulikuwa na majani machache ya ukingoni, baada ya hapo weupe mtupu, na alijua chini ya weupe ule kuna nini. Rozari nyuma ikapungua sauti, kisha ikanyamaza. Mwanamke mmoja akasema kwa kilio kwamba dereva asimame, wangoje.

Mguu wa Metui ukahamia juu ya breki. Laurencia aliuona. Gari likapunguza, likapunguza tena, na uso wa Metui ukawa wa mtu anayesikia sauti ya zamani. Neno lilikuwa limemjaa Laurencia mdomoni. Simama. Kila kiungo chake kilitaka kulisema, tangu akiwa na miaka kumi na mmoja kilitaka. Akalimeza. Akafungua dirisha, akatoa kichwa kwenye baridi, akaangalia ukingo alioukimbia maisha yake yote.

"Endelea," alisema. "Naona majani. Una hatua mbili upande wangu. Endelea."

"Unaona?"

"Naona. Polepole kulia. Endelea, Metui."

Hivyo ndivyo walivyopita, mmoja kichwa nje anasoma ukingo, machozi na umande vimechanganyika, mwingine anaendesha kwa macho ya mwenzake. Hofu haikumwacha Laurencia hata dakika moja. Walipoteremkia upande wa pili, jua likafunguka juu ya ng'ombe na nyasi, Fabian akaanzisha rozari pale ilipokatikia.

Kakesio walifika mchana. Kwa desturi ya hija, kabla ya kuanza, katibu husimama mlangoni mwa kanisa akasoma kila jina na nia yake: huyu anatembea kwa ajili ya mume mgonjwa, yule kwa ajili ya mvua. Miaka yote alisoma Fabian kwa niaba yake. Leo Laurencia alisoma mwenyewe. Alipofika kwa Metui, aliyemwachia dereva mwenzake gari na kujiandikisha kutembea, sehemu ya nia ilikuwa tupu.

"Metui," alisoma, "anatembea kwa ajili ya," akafunga mdomo, akainamisha kichwa.

Akakaa kimya. Wamaasai waliokuwa pale walielewa kwanza, wakainama; waliotoka Karatu wakawafuata bila kujua. Metui alijifunika uso kwa shuka ya bluu, mabega yakimcheza, na hakuna aliyemtazama.

Watu walipoanza kupanga mstari, alimfuata Laurencia kwenye ukuta wa kanisa, akamvalisha shuka ile mabegani.

"Nilitaka kumtuma mtu mwingine," alisema. "Halafu nikawaza, akipita pale bila mimi, nitakuwa nimesimama tena. Laurencia." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Nataka kukuoa. Usinijibu sasa. Zipo siku tano mpaka Karatu. Nijibu tukifika kwa mama."

Laurencia aliitazama njia inayoteremka Eyasi, ndefu, nyeupe kwa jua, bila hata wingu la ukungu. Homa ilikuwa imeshashuka, sijui saa ngapi.

"Siku tano za kuogopa jibu, wewe na mimi? Mimi hofu nimeshiba," alisema, akampa ncha moja ya fimbo ya mama yake ashike. "Ndiyo, Dereva. Twende."