Nyumba ya Chokaa

Kila asubuhi ya likizo nilifanya kazi zangu kwa mpangilio uleule: kufagia ua, kuosha vyombo, kisha kumtisha mtu mmoja. Hii ya mwisho sikuagizwa na yeyote, lakini niliifanya kwa bidii kuliko zote. Shule ya bweni ilikuwa imenifundisha mengi, mojawapo likiwa kwamba nyuma ya kila mlango kuna nafasi inayomtosha mwanafunzi mwembamba anayejua kubana pumzi. Wenzangu bwenini waliniita Mzuka, na jina hilo nililibeba kwa heshima, kama wengine wanavyobeba cheo.

Likizo ile Mzuka alistaafu. Dada, mtoto wa mama mdogo, alikuwa amehamia kwetu. Mwanamume ambaye familia nzima ilimwamini alikuwa amemtendea ukatili wa kingono. Dada alimweleza mama yake, daktari akamtibu, na polisi wakamkamata mtu yule. Hofu hawakuikamata. Dada hakulala bila taa. Hakukaa mahali ambapo angeupa mlango mgongo. Akisikia hatua nyuma yake, hata zikiwa za ndala zangu, kikombe chake kiligonga sahani.

Mama aliniambia nikithubutu kumshtua nitakiona kilichomtoa kanga manyoya. Hakuwa na haja ya kunionya. Nilikuwa tayari nimeanza kuimba kila nilipokaribia kona, ingawa sauti yangu nayo ni balaa.

Tatizo kubwa lilikuwa zahanati. Daktari alisema Dada azungumze na mshauri anayewasaidia watoto walioumizwa, la sivyo kidonda kisichoonekana kingezidi kumla. Chumba cha mshauri kilikuwa mwisho wa korido. Tulipoingia, mlango wa chuma ulijifunga nyuma yetu kwa kishindo. Korido ilikuwa na giza, na katikati ilipinda. Niliitazama ile kona, nikawaza kwamba ni maficho bora kabisa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wa anayeviziwa.

Viatu vikasikika vikija. Hatukumwona mwenye viatu. Dada aligeuka, akakimbilia mlango, akahangaika na komeo lililogoma kufunguka. Aliyetokea kwenye kona alikuwa mfagiaji na ndoo yake, maskini, naye ameshtuka kuliko sisi. Kuanzia hapo Dada alisema harudi mle, hata wamburute.

Shangazi yangu ni msanifu majengo, na ndiye aliyeombwa kumjengea mshauri nyumba mpya ya kuzungumzia na watoto kwenye uwanja ulio nyuma ya zahanati. Yeye haiamini karatasi. Kabla ya kujenga huchora nyumba nzima chini kwa chokaa, kwa ukubwa wake halisi, kisha huwaomba watakaoitumia watembee ndani yake. Alimwomba Dada akaijaribu. Kwa kuwa ni uwanja wazi, Dada alikubali, mradi tuongozane.

Shangazi alituonyesha kwa fahari mahali pa ukuta mrefu, mlango mmoja tu wenye kufuli, na chumba cha mshauri ndani kabisa. Alisema hata panya angeomba kibali. Dada alivuka mlango wa chokaa, akafuata korido ya chokaa, na kwenye kona ya kwanza akasimama. Hapakuwa na ukuta. Aliweza kuona mpaka barabarani. Hata hivyo pumzi zilikuwa fupi na uso umelowa jasho. Fundi mmoja akacheka kwamba binti anaogopa unga. Mwenzake akamnyamazisha: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Shangazi alimuuliza taratibu anaogopa nini.

"Mkishafunga," alisema Dada, "mimi nitatokea wapi?"

Shangazi akautazama mlango wake mmoja wa chokaa. Alikuwa amemfikiria sana mtu wa nje anayetaka kuingia. Wa ndani anayetaka kutoka hakumfikiria.

"Na hapo kwenye kona, Shangazi," nikachomekea, "ningejificha mimi."

Nilidhani nitafukuzwa. Badala yake alinipa ufagio na cheo kipya, Mkaguzi Mkuu wa Maficho. Nilizunguka nyumba kwa uzito wa jaji, na kila mahali Mzuka angeweza kujibana, nikapafuta. Kona ikaondoka, korido ikawa ukumbi mpana. Dada akasema anataka dirisha la kumwona anayekuja, na pazia analolivuta mwenyewe. Mwishowe, kwa sauti ndogo, akaomba mlango wa pili wa kutokea bustanini.

Shangazi akamkabidhi mkebe wa chokaa. "Uchore wewe."

Akachora, mstari ukaenda upande. Hakuna aliyeunyoosha.

Mshauri alikuwa amesimama mbali muda wote. Sasa alikuja mpaka kwenye mlango wa mbele, ule wa chokaa, akasimama nje ya mstari. Angeweza kuuruka tu.

"Hodi," alisema.

Dada akageuka. Nilimwona akiutazama mlango wa bustani, nikahofia atautumia palepale, na kwamba safari hii hatutampata tena. Mshauri hakusogea. Hakurudia hata hodi.

"Karibu," Dada akasema. "Ila wewe kaa kule. Mimi nakaa hapa."

Walikaa chini. Sisi tukaondoka, na kwa mbali nilimwona Dada akizungumza, kichwa kimeinama, kisha kimeinuka.

"Yule mtu aliyemuumiza alimnyang'anya uamuzi," Shangazi aliniambia, macho yakiwa kwenye ufagio. "Kumbe na mimi nilitaka kumfungia, kwa mapenzi tu. Aliyeumizwa hana kosa, mwanangu. Msikilize, umwachie achague aingie lini, akae wapi, atoke lini. Hapo ndipo kupona kunapoanzia."

Nyumba ilijengwa, na mlango wa bustani upo, umekaa upande kidogo vilevile. Dada huenda kwa mshauri kila wiki. Nami siku hizi hupiga hodi kwenye kila mlango. Jana nilipiga hodi chumbani kwa Dada.

"Ngoja," akasema.

Nikangoja. Nikangoja mpaka miguu ikafa ganzi, ndipo nikamsikia humo ndani akicheka.