Daftari la Awali

Kwanza ilikuwa harufu. Jeruto, muuguzi mkuu wa zahanati moja nje kidogo ya Rongai, alidhani kuna mtu ameanika maua ya pareto kwenye chumba cha nyuma. Lakini pareto haikuwa imelimwa hapo tangu aondoke Mzungu mwenye shamba, aliyejenga nyumba ya mawe ambayo sasa ndiyo zahanati. Harufu ilitoka kwenye kompyuta, na ndani yake mlikuwa na harufu ya wino.

Kompyuta hiyo iliwekwa na Naftaly Gichuki, fundi wa Kiamunyi, mtu makini asiyependa haraka. Alijua jinsi umeme wa Rongai unavyokatika. Siku ya kuiweka, mashine ilimuuliza itunze vipi daftari lake la awali. Daftari hilo ni sehemu ya diski ambamo mashine huandika kwanza inachokusudia kufanya, kabla ya kukifanya. Umeme ukikatika katikati, ikiwaka tena hulisoma na kumaliza kilichoanzwa. Watengenezaji walikuwa wamekwisha kuchagua mpangilio wa kawaida: daftari lishike orodha ya mabadiliko tu, si maneno yenyewe. Mafundi wengi hukubali na kwenda kunywa chai. Naftaly alikataa. Alichagua kila neno liandikwe humo kwanza, lisipotee hata moja. Kisha akanakili diski ile kwenye mashine za zahanati nyingine tisa, hadi Mai Mahiu, ili zote zianze na mpangilio huo huo.

Alhamisi moja Sista Jeruto alimpigia simu. "Fundi, njoo. Na usimwambie mtu."

Naftaly alifika mchana pamoja na bintiye Nyokabi, aliyekuwa na mimba ya miezi minane na siku hiyo alikuwa na kliniki. Nyokabi ndiye aliyewafundisha wafanyakazi wa zahanati zote kumi kutumia rejista mpya. Aliketi kwenye benchi la barazani, akavua viatu. Baba yake akaingia chumba cha nyuma, kisicho na dirisha, na Sista akafunga mlango.

"Unamkumbuka Mzee Kipkemoi, wa presha?"

"Aliyesema kompyuta yangu ni redio isiyoimba?"

"Huyo." Alishusha sauti. "Wiki iliyopita stima ilipotea. Nikasikia mtu humu akiuliza, 'Kipkemoi wa nani?' Nikadhani ni Ephantus, kijana wetu wa rekodi. Nikajibu kutoka huko mbele, arap Lelei. Stima iliporudi nikaona kwenye rejista: Kipkemoi arap Lelei, amefariki, saa tisa na dakika kumi. Nikacheka, fundi. Mzee alikuwa hapo barazani anakunywa uji. Saa yangu ilisema saa tisa na dakika tano."

Naftaly alijua kilichofuata. Alikuwa amehudhuria mazishi ya mzee.

"Na Ephantus?"

"Alikuwa likizo."

Marehemu Kipkemoi mwenyewe alikuwa amemsimulia Sista habari za chumba hicho. Zamani za Mzungu kilikuwa ofisi ya karani. Kila asubuhi karani aliita jina, na mfanyakazi alijibu kwa kutaja jina la baba yake, ndipo karani akaandika. Asiyejibu hakuandikwa. Wazee walisema karani yule alikuwa na jini alilolitoa Pwani, la kumsaidia jina lisimponyoke. Siku moja alikufa ghafla, ukurasa ukiwa nusu, na hakuna aliyelifunga daftari wala kulifungua jini.

Sista alikuwa bado anasema hayo umeme ulipokatika.

Skrini ikafa. Feni ya kompyuta haikufa. Iliendelea kuzunguka polepole gizani, na chini ya mvumo wake Naftaly akasikia kitu kikikwaruza, kikitulia, kikikwaruza tena, kama nibu ya kalamu ya chuma juu ya karatasi nene.

"Nyokabi wa nani?"

Ilikuwa sauti kavu, ya mtu mwenye kazi nyingi. Naftaly alikuwa amelelewa katika shule ambazo jina likiitwa hujibiwa upesi, na mdomo wake ulikuwa umekwisha kufunguka pale kiganja cha Sista kilipoufunika.

"Usijibu," alinong'ona. "Nakuomba, usijibu."

Akaelewa. Jina la bintiye lilikuwa kwenye daftari la awali, limeanzwa, halijakamilika. Likipata jina la baba, umeme ukirudi, mashine ingelimaliza. Alifungua kasha kwa mwanga wa simu, akachomoa diski, akaiunganisha na laptopu yake iliyokuwa na betri. Daftari likafunguka. Nyokabi. Nafasi tupu. Amefariki, saa nane na nusu. Saa ilikuwa nane na dakika kumi na saba.

"Nyokabi wa nani?" Sasa sauti ilikuwa nyuma ya shingo yake, na pumzi yake ilikuwa pareto, na Naftaly akaandika amri ya kufuta daftari lote, pamoja na wagonjwa wote wa asubuhi ile, na mashine ikamuuliza kama ana hakika, na sauti ikauliza mara ya tatu, safari hii kwa sauti ya mwalimu wake wa darasa la kwanza, sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka hamsini na ambayo maishani mwake hakuwahi kuinyima jibu, naye akauma ulimi mpaka akaonja damu, akabonyeza ndiyo.

Nibu ikanyamaza. Feni ikasimama. Kabla ya kurudisha diski aliweka ule mpangilio wa kawaida alioukataa mwanzo. Umeme uliporudi rejista ilikuwa safi, na chumba kilinuka vumbi tu.

Sista aliketi sakafuni. "Limetoka," alisema, akicheka na kulia pamoja. Nyokabi aliita kutoka barazani akiuliza kama hapa wageni hawapewi chai. "Huyo binti yako ana njaa ya watu wawili, fundi."

Simu ya Naftaly ikalia. Alikuwa Lewis, kijana wa rekodi wa zahanati ya Mai Mahiu.

"Niaje, boss! Hukutuambia mashine yako inaongea. Hata stima ikipotea!"

Naftaly akashika meza. "Imesema nini?"

"Imeuliza, Nyokabi wa nani. Nikajua ni Nyokabi wetu, mwalimu. Nikaiambia wa Naftaly. Si ni sawa?"

"Lewis, chomoa waya. Chomoa sasa hivi."

"Ngoja, boss. Stima ndiyo hiyo imerudi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika ishirini na tisa. Naftaly aliita jina la bintiye mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama amwitaye mezani. Barazani palikuwa kimya. Kwenye simu, nyuma ya pumzi za Lewis, nibu ilikwaruza maneno machache, ikainuka, ikaweka nukta.