Glovu ya Mzee Doucette

Aili Koskela alikwishazoea kuamshwa na harufu. Tangu apande meli ya madini ya chuma kule Duluth, kwenye Ziwa Superior la Amerika, harufu ya mkate wa iliki ilipenya chini ya mlango wake kila alfajiri, akajua kwamba baba yake, Toivo, mpishi wa meli, yuko jikoni zamani. Alinawa uso, akavaa sweta, akaenda kumsaidia kupanga vikombe. Mabaharia waliomaliza zamu ya usiku waliingia wamechoka, wakataka nyama na viazi. Waliokuwa wakienda zamu waliingia wakipiga miayo, wakataka mayai na chapati za maji. Meza ilikuwa moja, huyu akila chakula cha kulalia na yule kifungua kinywa. Siku za mwanzo jambo hilo lilimchekesha sana Aili.

"Hapa kila mtu na usiku wake," baba yake alimwambia siku waliyopanda, akimwonyesha korido ya vyumba vya mabaharia. "Ukiona glovu imetundikwa kwenye kitasa, humo ndani mtu amelala, hata kama nje jua linawaka. Hakuna kupiga hodi, hakuna kupiga mluzi. Na glovu yenyewe haiguswi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Baba."

Aili alikuwa na miaka kumi na miwili, na hiyo ndiyo safari yake ya kwanza. Baba yake alikuwa ameomba sana hadi akaruhusiwa kumchukua wakati wa likizo ya shule. Jambo moja Aili alilingojea kuliko yote: malango ya maji ya Soo, ambapo meli huingia katikati ya kuta mbili za zege, maji yakapunguzwa, nayo ikashuka taratibu hadi kwenye ziwa la chini. Nahodha Sundqvist, mama asiyependa maneno mengi, alimwahidi kwamba atasimama juu kabisa, karibu na usukani, aone kila kitu. Hata kabla ya likizo, Aili alikwisha kuwatambia wenzake darasani kuhusu malango hayo.

Asubuhi ya siku hiyo ya Soo, Aili alikwenda nyuma ya meli na mabaki ya mkate. Shakwe walikuwa wakiifuata meli kwa makelele. Alitaka mmoja wao ale mkononi mwake, lakini wa kwanza kuja alimdonoa kidole hadi akaruka.

"Loo! We ndege huna adabu!"

Ilimpasa apate kitu cha kujikinga. Aliporudi ndani kutafuta, aliiona glovu ya ngozi kwenye kitasa cha Mzee Doucette, mshika usukani. Mzee huyo alikuwa ameongoza meli usiku kucha, na mchana ndiye angeiingiza kwenye malango. Aili alisimama akaitazama.

"Si amekwishalala?" alijiambia. "Mtu aliyelala, glovu ya nini? Nitairudisha sasa hivi."

Kweli shakwe alikuja, tena kwa pupa. Alinyakua mkate pamoja na ncha ya kidole cha glovu, akavuta. Kwa mkono wa Aili glovu ilikuwa kubwa mno. Ilimchomoka, ikaning'inia mdomoni mwa ndege, kisha ikadondoka majini. Aili aliitazama ikiachwa nyuma mpaka isionekane tena.  Kabla hajaamua la kufanya, alisikia nyundo.

Aliyekuwa akigonga ni Renny, baharia kijana, mcheshi. Alikuwa ametumwa kubandua kutu ukutani, mahali ambapo hapana mtu aliyelala. Alipita koridoni akivikagua vitasa, akakuta kimoja kitupu, akaanza kazi nje ya chumba hicho hicho. Meli yote ni chuma, na kulala nyuma ya ukuta ule ilikuwa kama kulala ndani ya sufuria inayopigwa kwa mwiko. Mzee Doucette alijifunika mto kichwani, akavumilia, mwishowe akatoka na fulana yake akifoka. Aliporudi kitandani, usingizi haukuja tena.

Wakati wa chakula cha mchana, chumba cha kulia kilichafuka.

"Glovu niliitundika mwenyewe, kwa mkono wangu huu!" alisema Mzee Doucette.

"Mzee wangu, naapa, hapakuwa na glovu!"

"Kumbe ilishuka ikaenda zake kutembea?"

Watu wakacheka. Wiki iliyopita Renny alitia chumvi kwenye bakuli la sukari, kwa hiyo hakuna aliyemwamini. Nahodha yeye hakucheka. "Utani una mahali pake," alisema. "Usingizi wa mshika usukani si mahali pa utani. Tukifika Soo, funga mizigo yako ushuke."

 Machozi yalimlengalenga Renny, akainamisha macho kwenye sahani.

"Wewe Doucette, utaweza?" nahodha aliuliza.

"Nitaweza. Sijawahi kukosa zamu. Kahawa si ipo?"

Mzee alinyoosha mkono kuchukua maziwa. Akachukua chupa ya sharubati nzito ya kumiminia chapati, akaimimina kahawani, akakoroga, akanywa. Wala hakugundua. Aili, aliyekuwa akifuta meza ya pembeni, aliona kila kitu. Akazifikiria zile kuta mbili za zege, na mtu huyu akipita katikati yake. Akamtazama Renny. Akijitokeza kusema, kusimama karibu na usukani kumekwisha, na huenda baba yake asiruhusiwe kumleta tena. Akinyamaza, je? Aliweka kitambaa chini.

"Renny hasemi uongo!" alipaza sauti. "Glovu niliichukua mimi. Nilikuwa nalisha shakwe, ikaanguka ziwani. Na Mzee Doucette ametia sharubati kwenye kahawa, hajui hata anakunywa nini!"

 Nahodha alikichukua kikombe cha mzee, akaonja, akakunja uso.

"Nenda kalale," alimwambia. "Zamu yako atashika mwingine."

"Lakini Nahodha..."

"Kalale, mzee." Kisha akamgeukia kijana. "Renny, nimekukosea mbele ya watu, na mbele yao nakuomba radhi. Hushuki popote."

"Asante, Nahodha," alisema Renny. Akamtazama Aili, akashusha pumzi. "Dada mdogo, siku nyingine walishe kwa kijiko!"

Mara hii hata nahodha alitabasamu, lakini si kwa muda mrefu. "Nawe Aili, glovu haipo. Basi glovu utakuwa wewe. Chukua kiti, kaa mlangoni kwake. Asipite mtu na kelele mpaka aamke mwenyewe."

Ndivyo Aili alivyopita malango ya Soo bila kuyaona. Alikaa kwenye korido isiyo na dirisha, akasikia amri zikitolewa kwa mbali, akahisi injini ikipunguza nguvu, kisha meli ikitulia na kushuka polepole chini ya miguu yake. Alilia kidogo, kwa sauti ya chini. Nyuma ya mlango Mzee Doucette alikuwa akikoroma.

Baba yake alikuja na kipande cha mkate, akachuchumaa kando yake.

"Nimekuangusha, Baba."

"Asubuhi, ndiyo. Mchana uliinuka mwenyewe," alinong'ona. "Sikiliza, mwanangu. Hawa watu wakimaliza kazi hawaendi nyumbani. Nyumba yao ni chumba hiki, na raha yao ni usingizi huu. Ukiugusa, umegusa roho za wote tuliomo melini. Na kosa ukilificha, kuna mtu atalibeba kwa niaba yako."

Jioni mlango ulifunguka. Mzee Doucette alitoka macho yakiwa maangavu, akiwa na glovu ya mkono wa pili.

"Iliyobaki moja hainifai kazini," alisema, akampa Aili. "Itundike kwenye kitasa chako ukalale. Safari hii nitakulinda mimi."