Betri Haikai Darini

Kila asubuhi Elinipendo alikata majani ya ng'ombe, akakamua, akapeleka maziwa kituoni. Kituo kilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara, juu kidogo ya mji mdogo wa Kwa Sadala. Hapo wafugaji wa kikundi walileta maziwa, naye Elinipendo, katibu wao, aliandika lita za kila mmoja. Wengi walikuwa akina mama. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Eliufoo, ambaye ng'ombe wake walikatiwa majani na kukamuliwa na mkewe, Yuditha.

Mwaka 2004 kikundi kilipewa na wafadhili kompyuta ndogo ya kukunja, ile watu wanayoiita laptopu. Ilikuja na betri mbili. Kijijini hapakuwa na umeme, kwa hiyo betri zilichajiwa dukani Kwa Sadala. Elinipendo alijifunza kuitumia kwa wiki tatu. Akaingiza humo hesabu ya maziwa. Zamani daftari liliandikwa majina ya waume. Yeye aliandika jina la aliyekamua.

Betri moja ilikaa kwenye mashine. Ya pili aliitumia mpaka ikazima kabisa, akaiweka darini, juu ya jiko la kuni, pamoja na mahindi ya mbegu. Msimcheke. Darini kuna joto na moshi, na mbegu haziliwi na wadudu. Tena betri za redio zikichoka, nani kati yetu hajazianika juani ili zipate nguvu kidogo?

Masika yalipokwisha aliishusha. Aliichaji siku nzima. Ilifanya kazi dakika tano, ikazima.

Habari hiyo ilimfikia Mzee Eliufoo kabla maziwa hayajafika kituoni.

"Mama Kindness," alimwambia Elinipendo kituoni mbele ya watu, "mashine si sufuria. Mwezi wa nane tuna mkutano. Itahamia kwangu, na majina yatarudi kama yalivyokuwa."

"Shikamoo, mzee," alijibu Elinipendo. "Betri imekufa. Mimi sijafa. Haihami."

Kesho yake alishuka Moshi mjini, akaenda Rau kwa fundi wa kompyuta, dada mmoja anayeitwa Dominika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeua betri. Niambie nimeiuaje."

Dominika aliigeuza, akainusa. "Ilikaa wapi?"

"Darini, juu ya jiko."

"Basi ni joto. Hii si ya redio, mama. Joto linaimaliza hata kama haifanyi kazi. Na uliihifadhi ikiwa imeisha?"

"Imeisha kabisa. Nilidhani inapumzika."

"Hapana. Ikiwa tupu inazidi kushuka polepole, mwisho haishiki chaji tena. Ikijaa kabisa na kukaa miezi, nayo inachoka mapema. Ya kuhifadhi muda mrefu iache nusu, na uitoe kwenye mashine."

"Niiweke wapi?"

"Pakavu, pasipo jua, penye ubaridi. Nyie wa mlimani ubaridi mnao wa bure. Ifunge kwa kitambaa kikavu, isigusane na funguo wala sarafu. Kila mwezi iangalie. Ikishuka, iongeze mpaka nusu. Ikivimba, usiichaji tena, niletee."

"Na hii iliyokufa?"

"Niachie mimi. Usiitupe shambani, na motoni usithubutu. Inaweza kulipuka."

Elinipendo alirudi na hasira. Wale walioleta mashine walipiga picha, wakala ndizi, wakaondoka bila kusema neno juu ya betri.

Msimu wa kuchuma kahawa ulikuwa umefika, na nafasi ya kushuka dukani kuchaji haikuwepo. Akaandika maziwa daftarini. Betri iliyobaki aliichaji mpaka nusu, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka katika sanduku la nguo za kanisani, kwenye chumba kisichopata jua.

"Darini kuna joto zuri," alisema mama mkwe wake.

"La mahindi, mama," alijibu Elinipendo.

Kila mwezi aliiangalia. Wiki moja kabla ya mkutano aliijaza, akaingiza hesabu zote, kisha akaijaza tena.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi wa usharika usio na umeme. Elinipendo aliwasha mashine, akasoma majina ya wakamuaji na lita zao, mmoja mmoja. Alipofika kwa Yuditha, watu waligeuka kumtazama. Hakuna aliyemzidi kwa maziwa. Saa mbili zilipita na mashine haikuzima.

"Vizuri," alisema Mzee Eliufoo. "Kwa kuwa imepona, sasa ihamie kwangu."

"Kwako itakaa wapi, mzee?"

"Sebuleni, dirishani, wageni waione."

"Juani?" aliuliza Elinipendo. Akaifunga mashine, akaishika kwa mikono miwili. "Haihami. Na majina hayabadiliki. Anayekubaliana nami anyooshe mkono."

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Yuditha.