Solo ya Chumba Namba Tisa

"Fitz, umepiga nini mle ndani?"

Hazel alinisimamisha kwenye korido ya chuo, saksofoni bado inaning'inia shingoni.

"Nimepiga kilichonijia."

"Kimekujia kutoka wapi?"

"Hazel, mtihani umekwisha. Twende tukanywe chai."

"Chai kanywe na shetani wako!"

Akaniacha nimekumbatia tarumbeta langu kama mwizi aliyekutwa na kuku.

Niseme mapema ili usije ukanihurumia: nilijua kimetoka wapi.

Naitwa Fitzroy Bascombe, miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Handsworth, Birmingham. Wazazi wangu walitoka Jamaika. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano, nikashika brashi ya kupaka rangi nyumba za watu. Tarumbeta nilijifunzia kanisani. Chuo cha muziki kilinipokea kwenye shahada ya uzamili ya jazi kwa ajili ya masikio yangu, maana nikisikia kitu mara mbili sikisahau tena. Walimu walikuwa wananisifu, "Fitz ana kipaji cha asili." Tafsiri yake ni kwamba Fitz hajasoma.

Hazel Tranter alikuwa na miaka arobaini na moja. Alifundisha muziki shule ya msingi, akaachana na mumewe, akarudi kusoma. Nota alizisoma kama wewe unavyosoma gazeti. Alifanyia mazoezi chumba namba tisa, mimi namba kumi, na ukuta wa katikati ni mwembamba kama karatasi. Akichoka anagonga mara mbili, na mimi nagonga mara mbili, tunakutana kwenye mashine ya chai. Mapenzi yetu yalianzia kwenye ukuta ule.

Sasa, katika jazi solo, yaani zamu ya mpigaji mmoja kutamba peke yake, inatungwa palepale mbele za watu. Ukija nayo imeandikwa nyumbani, wewe ni bondia uliyepanga na mwenzako nani aanguke. Na Hazel, mbele za watu, alikuwa anaganda. Kwa hiyo wiki tatu nilimsikia ukutani akipiga solo moja, nota zilezile, pumzi zilezile. Siri yake niliijua. Nikanyamaza, nikajiona muungwana.

Wimbo wa mtihani tulipewa wote mmoja, wiki tatu kabla. Siku ikafika. Kura zikaniweka wa tatu, Hazel wa nne. Nikaanza solo yangu, na ghafla vidole vikaingia njia ya Hazel. Kufika nota ya tano nilishajua. Ningeweza kugeuka. Lakini Mwalimu Pickering, mkuu wa jopo, aliinua kichwa akaweka kalamu chini. Mwaka mzima hakuwahi kuniwekea kalamu chini. Nikaipiga yote mpaka mwisho.

Kisha akaingia Hazel. Hakuwa na nyingine. Akapiga ileile.

Jioni simu yangu ikalia. Meseji yake.

"Wanasema nimekuiga wewe. Jumatatu saa nne asubuhi naitwa mbele ya jopo. Wanaweza kunifukuza."

Nikamjibu, "Waambie imetokea tu."

"Imetokea tu nota mia mbili? Nikisema niliiandika, nimefeli. Nikinyamaza, mimi mwizi. Wewe ndiye unayejua. Sema ukweli, Fitz."

Nikaandika maneno ambayo nikiyakumbuka mpaka leo nafunika uso kwa mikono:

"Jazi haina mwenyewe, mpenzi."

Akajibu:

"Sawa. Basi na mimi sina mwenyewe. Usinigongee ukuta tena."

Jumapili nikaenda kanisani. Dada yangu mkubwa, Verna, alinidaka mlangoni.

"Hazel wako yuko wapi? Leo ndiyo siku ya kumleta kwangu, au nimekosea kalenda?"

"Ana mafua, Dada."

"Mafua? Na ule wali wa maharage niliompikia ale nani?"

Nilikuwa nimemsimulia habari ya kalamu ya Pickering, kumbe alishatangaza kwa kanisa zima kwamba nimewashangaza walimu wa chuo. Mchungaji akasimama.

"Ndugu Fitz, tupigie hiyohiyo iliyowaangusha wasomi kalamu!"

Watu wakapiga makofi, na wazee waliokuwa wamekaa wakasimama. Nikaliweka tarumbeta mdomoni. Kilichokuja ni cha Hazel tu, hakuna kingine. Nikalishusha.

"Mdomo umechanika," nikasema, nikarudi kukaa huku makofi yakiisha moja moja.

Mezani kwa Verna nilikula kuku wa pilipili. Yeye hakula. Alikuwa ananitazama.

"Fitz."

"Naam."

"Mdomo uliochanika hauli pilipili."



"Sijui umefanya nini, na sikuulizi," akasema. "Lakini umenidanganya nyumbani mwa Mungu na nyumbani mwangu, siku moja. Usirudi kwenye meza hii mpaka umetengeneza ulichokiharibu. Maliza kuku uende."

Sikumaliza.

Jumatatu saa nne kasorobo nilikuwa mlangoni kwa jopo. Hazel alikuwa amekaa kwenye benchi, bahasha mapajani. Hakunitazama.

"Umekuja kuangalia ninavyofukuzwa?"

"Nimekuja kusema."

"Umechelewa, bwana mkubwa."

"Najua."

Tukaingia. Mwalimu Pickering, mzee mwembamba asiyependa salamu ndefu, alishangaa kuniona.

"Bwana Bascombe, wewe hukuitwa."

"Ile solo si yangu, Mwalimu. Ni ya Hazel. Mimi ndiye niliyeiba."

"Kwenye jazi wote tunaokota kwa wenzetu. Labda mmesikiliza santuri moja?"

Alinifungulia mlango wa kuponyokea kabisa. Ningesema ndiyo, tungetoka wote wawili wasafi.

"Hapana. Nimeisikia ukutani kwake. Nilijua ni yake, nikaipiga, kwa sababu uliweka kalamu chini."

Pickering akavua miwani.

"Uliisikia mara ngapi?"

Hapo nikakwama. Nikisema mara nyingi, namchoma Hazel. Nikisema mara moja, nadanganya tena.

"Usinijibie," Hazel akasema. Akafungua bahasha, akatoa karatasi ya nota iliyofutwafutwa mpaka imechakaa. "Siku ishirini na moja. Niliiandika kwa penseli. Naogopa kukosea mbele za watu, Mwalimu. Niko uzamili wa jazi na sijawahi kupiga solo ya kweli hata moja."

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa na rangi nyeupe ya dari la watu.

Pickering akaandika kidogo.

"Bascombe, sifuri. Utarudia muhula ujao. Tranter, utarudia baada ya wiki nne, na wimbo utaupata asubuhi ya mtihani." Akamrudishia karatasi. "Hii ni nzuri. Ndiyo maana inasikitisha."

Nje nikamwita.

"Hazel, nisamehe."

"Bado."

"Nifanye nini?"

"Hama namba kumi."

Nikahama. Wiki nne nilifanyia mazoezi chumba cha chini, karibu na vyoo. Nilistahili.

Siku ya mtihani wake ikaingia meseji moja: "Kaa nje ya mlango. Tarumbeta liache nyumbani."

Nikakaa kwenye benchi, mikono mitupu. Ndani bendi ikaanza. Ikafika zamu ya saksofoni. Kimya. Besi inatembea, ngoma zinatembea, Hazel hayupo. Nilishika magoti. Halafu ikatoka nota moja, mbaya kabisa, ya kukosea. Akairudia. Akairudia mara ya tatu, kwa makusudi, kama mtu anayesema ndiyo, nimekosea, na nini? Kutoka pale akaenda, hata mimi sikujua anakwenda wapi.

Alitoka blauzi imelowa jasho.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Unaweza kuirudia?"

"Siwezi."

"Mwongo."

"Naweza. Yote. Ila sitaipiga."

Akanivika mkanda wa saksofoni yake shingoni.

"Basi nibebee. Jumapili dada yako anapika?"

"Anapika. Lakini mimi nimefukuzwa pale mezani."

"Kwa nini?"

"Nilimwambia una mafua."

Akacheka, mara ya kwanza tangu mtihani ule.

"Tutakwenda wote. Utamwambia kila kitu, mimi nikiwepo, na pilipili ikiwepo."

Jumapili Verna alinipakulia, akaweka sahani mbele yangu, akaifunika kwa kiganja.

"Sema kwanza," akasema.

Nikasema yote, uso wangu unawaka. Nilipomaliza, chini ya meza Hazel akagonga goti langu mara mbili.

Verna akaondoa mkono kwenye sahani.