Barua Ndani ya Daftari la Jiografia

Asubuhi za mwezi wa Juni pale Newala huanza ndani ya ukungu. Ukitoka nje huuoni mkorosho ulio mbele ya nyumba. Unausikia tu ukidondosha umande. Mwanne, msichana wa darasa la sita, alikunywa uji wake, akachukua kidumu cha maji ya shule na kumpitia rafiki yake Pili. Walitembea taratibu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Mwanne hakuiona miguu yake mwenyewe, akajihisi kama anaelea.

"Unaiona shule?" Pili aliuliza.

"Siioni. Labda leo imehama."

"Imehamia Msumbiji!"

Wakacheka. Hata hivyo, Mwanne alikuwa akiisikiliza miguu yake. Tangu akiwa mdogo, kukiwa na baridi, maumivu yalimwanzia magotini kama mtu anayesokota mifupa kwa ndani. Nyumbani walidhani ni baridi yabisi. Mwezi wa Aprili yalizidi hata akashindwa kusimama. Mama yake akamwombea nafasi kwenye lori la wafanyabiashara wa mitumba, ambao walikuwa wengi siku hizo tangu biashara iwe huria, wakateremka mpaka Masasi na kufika hospitali ya Ndanda.

Siku zile za wodini Mwanne alizikumbuka kama ndoto: pazia jeupe likipumua dirishani, kengele ya kanisa ikilia mbali, na Daktari Ladislaus akichora kwenye karatasi. Kwanza alichora duara, kisha mundu.

"Chembe za damu ya watu wengi ni za duara," alimwambia. "Zako nyingine hujikunja kama mundu. Zikikwama njiani, hapo ndipo panapouma. Ugonjwa huu unaitwa sikoseli. Umezaliwa nao."

"Atapona?" mama aliuliza.

"Ugonjwa utakaa naye, mama. Lakini akinywa maji mengi, asipopigwa na baridi, asipochoka kupita kiasi, atasoma kama wenzake. Nimewaandikia walimu wake."

Wakati wa kurudi, mama alimnunulia sweta jekundu la mtumba katika soko la Masasi. Barua akamkabidhi Mwanne aipeleke shuleni, kwa kuwa palizi ilikuwa inamsubiri shambani.

Mwanne hakuipeleka. Njiani kutoka Masasi alisinzia, akaota watoto wameshikana mikono wanacheza, na kila alipokaribia, duara lao lilisogea mbali. Alipoamka alijiambia kwamba barua ile ikisomwa, ataitwa mgonjwa mpaka amalize shule. Akaichomeka ndani ya daftari la jiografia.

"Umempa mwalimu mkuu?" mama aliuliza jioni.

"Nimempa."

"Amesemaje?"

"Amesema sawa."

Sasa ilikuwa Juni, na mwalimu wa zamu alikuwa Mwalimu Fortunatus. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu kuona watoto wakakamavu.

"Mwanne, vua sweta hilo! Hiyo si sare."

Akalivua. Baridi ikamwingia mpaka kwenye mifupa. Jana yake alikuwa hajanywa maji mchana kutwa, kwa kuogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni kila mara. Filimbi ikalia, mchakamchaka ukaanza. Watoto walizama kwenye ukungu wakiimba, na sauti zao zikamjia kutoka kila upande. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Katika wa tatu hakujua tena kama anakimbia au amesimama. Nyasi zikamgusa shavuni, laini na zenye maji, na akashangaa zimefikaje pale juu.

"Mvivu huyo, amelala!" mtoto mmoja alisema.

Pili akapiga magoti kando yake. "Mwalimu, njoo! Mwanne analia bila sauti!"

Mwalimu Fortunatus alimpakia kwenye baiskeli yake, akaisukuma mpaka nyumbani kwao. Kwa siku tatu Mwanne alilala huku mama akimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto na kumnywesha kikombe baada ya kikombe. Siku ya nne maumivu yalipopungua, mama alijifunga kanga yake vizuri.

"Nakwenda shuleni. Wamesoma barua ya daktari, halafu wanakukimbiza kwenye baridi!"

Mwanne akainuka. "Mama, subiri..." Lakini mama alikwishatoka. Akachukua daftari la jiografia na kumfuata, hatua kwa hatua.

Alipofika mlangoni mwa ofisi alimsikia mama akisema kwa sauti ya kutetemeka: "Mwalimu Julia, barua ya daktari mliisoma, au mliiweka tu?"

"Barua ipi, Mama Mwanne?" Mwalimu Julia, mwalimu mkuu, aliuliza. "Mimi sijapata barua yoyote."

Mwalimu Fortunatus, aliyekuwa amesimama karibu na kabati, akatikisa kichwa.

"Shikamooni," Mwanne alisema, akaingia. Alifungua daftari. Bahasha ilikuwa imejikunja pembe. "Ninayo mimi. Nilimdanganya mama. Niliogopa mtaniita mgonjwa."

Mama aliketi polepole kwenye benchi. "Mwanangu," alisema, "nimekuja hapa kuwagombeza watu wasio na kosa."

"Nisamehe, mama."

Mwalimu Julia aliisoma barua yote kwa sauti. Alipomaliza, Mwalimu Fortunatus alisema taratibu, "Mimi ndiye niliyemvua sweta. Sikumwuliza hata kwa nini amelivaa." Akaongeza, "Ila, mwalimu mkuu, wengine watasema anapendelewa. Kesho watakuja wote na masweta."

"Tutawaeleza," Mwalimu Julia alijibu. Kisha akamgeukia Mwanne. "Wewe mwenyewe unahitaji nini ili usome vizuri?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu. Maneno yakamtoka Mwanne. Aliomba awe na chupa ya maji juu ya dawati, atoke kwenda chooni bila kunyoosha mkono, akae mbali na dirisha lililovunjika, na avae sweta lake. Siku za maumivu aruhusiwe kulala nyumbani, kisha Pili amwazime madaftari anakili. Na asitumwe kuteka maji bondeni.

"Na mchakamchaka?" Mwalimu Julia aliuliza.

"Siwezi kukimbia. Lakini sitaki kubaki darasani peke yangu."

Mwalimu Fortunatus akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Anayeanzisha wimbo si lazima akimbie. Utasimama barazani, uwaongoze."

Mwalimu Julia aliyaandika yote kwenye karatasi, akaibandika katika ofisi ya walimu. Jumatatu, kwenye gwaride, alimwuliza Mwanne kama angependa kuzungumza. Mwanne akachora duara na mundu kwenye ubao uliotolewa nje, akaeleza. Mkono mmoja ukanyooshwa.

"Ugonjwa huo unaambukiza?"

"Hapana. Nimezaliwa nao."

Basi, wakamtazama kama walivyomtazama siku zote.

"Wanafunzi," Mwalimu Julia alisema, "maumivu ya mtu hayaonekani kwa macho. Kabla hujamwita mwenzako mvivu, mwulize kwanza. Na kumtendea mtu haki si kumpa kila mmoja kitu kilekile, bali kumpa kila mmoja nafasi ya kusoma. Nawe Mwanne, na yeyote mwenye shida anayoificha, useme ukweli mapema. Hatuwezi kukusaidia kwa jambo tusilolijua."

Maumivu hayakumwisha. Mwaka ule yalimrudia mara mbili, na mara zote mbili alisema mapema, akapumzika, akarudi darasani. Pili alilalamika kwamba madaftari yake yanarudi safi kuliko yalivyotoka. Na asubuhi za ukungu, Mwanne alisimama barazani katika sweta lake jekundu, akaanzisha wimbo, na kutoka katika weupe ule sauti mia mbili zikamwitikia.