Jina Kwenye Rozari ya Simu

Jumamosi ile duka la vyakula vya Kiafrika pale Iroquois, kusini mwa Louisville, Marekani, lilijaa watu hadi mlangoni. Jovini, kijana wa Columbus aliyekuja harusini, alikuwa akichagua dagaa kwa macho ya mtu asiyewahi kupika. Pembeni yake msichana mrefu, kitenge cha njano kimemkaa vizuri kiunoni, alishindwa kunyamaza.

"Kaka, hao dagaa wameshavunda. Unampelekea nani?"

"Mama yangu, yuko Lackawanna, kule Buffalo."

"Basi umpe pole."

Msichana akacheka, na Jovini akasahau dagaa, akamsahau na mama. Jina lake Leokadia. Tangu siku hiyo simu hazikupumzika: huyu ghalani Columbus, yule kiwandani Louisville.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula sauti yako."

"Hiyo haishibishi, bebi. Pika ugali."

Wote wawili walikuwa Warundi waliokulia kambini Tanzania, kwa hiyo wazee hawakuwa na neno. Washenga wangetoka Buffalo mwezi wa sita kwenda kumposa.

Kisha Leokadia akagusa kivimbe kwenye titi la kushoto. Hospitali walimchoma sindano, wakatoa kinyama cha kupima, wakamwambia asubiri simu. Mama yake alikufa kambini kwa ugonjwa wa titi, kwa hiyo moyoni alishajihukumu. Alimwambia Jovini peke yake.

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, Kadia?"

Mwanamume mwenye hofu usimwamini kwa siri. Kila jioni Warundi Wakatoliki wa Louisville, Columbus na Buffalo husali rozari pamoja kwenye simu, na kabla ya kuanza kila mmoja hutaja anayemwombea. Leokadia alikuwa anakunja nguo, simu iko mezani, aliposikia sauti anayoipenda kuliko zote.

"Tumwombee Leokadia wa Louisville. Wamempima titi, anasubiri majibu."

Halafu Mama Teopista, mama yake Jovini, akauliza kutoka Lackawanna, "Leokadia yupi? Huyu wetu?"

Leokadia akakata simu. Kesho yake wanawake wa parokia walimletea maharage, wakakaa sebuleni wakinong'ona kama wako matangani. Mama Teopista naye akapiga.

"Mwanangu, washenga wapumzike kidogo. Tujue kwanza Mungu amepanga nini."

"Ndiyo, mama," Leokadia alijibu. Alilia hadi kichwa kikamuuma, kisha akaifungia namba ya Jovini.

Jovini alipiga, akapiga, hakupata kitu. Akaomba ruhusa kazini, akashika barabara ya Louisville. Leokadia alimfungulia mlango amejifunga kanga kifuani, macho yamevimba.

"Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Nilikupa siri, ukaipeleka redioni."

"Ilinishinda kuibeba. Nilidhani tukisali wengi Mungu atasikia haraka."

"Aliyesikia ni mama yako."

Jovini akainamisha kichwa. Alikuwa bado na sare ya ghalani, vumbi la maboksi limemjaa mabegani.

"Washenga wasipokuja nitajiposea mwenyewe. Nikubali leo, Kadia, kabla hospitali hawajapiga. Baada ya hapo utasema nakuonea huruma."

"Rudi Columbus. Tafuta mwanamke mwenye miaka mbele yake."

"Simtaki huyo."

"Na mimi sitaki kukuachia ujane badala ya watoto. Nakupenda, Jovini, ndiyo maana nakufukuza."

Hapo simu ikaita. Leokadia alisikiliza akiwa amesimama, akiitikia kwa sauti ndogo. Alipomaliza Jovini aliogopa kuuliza, lakini akauliza.

"Wamesema nini?"

"Hawajasema. Wananitaka leo mchana." Akaiweka simu mezani. "Wamesema nisije peke yangu. Nije na mtu."

Hakuna anayeambiwa aje na mtu ili apewe habari njema, na wote wawili walilijua hilo. Jovini hakusema Mungu yupo, wala hakusema yataisha.

"Utaenda na nani?"

Leokadia alimtazama, hasira bado iko usoni, machozi yanamteremka bila kuyafuta.

"Sina mwingine," akasema. "Ngoja nivae."